Klimu Mbili za Nyumba ya Himbi

Victoire Mukabalisa hubisha hodi kabla ya kuingia katika chumba chenye baridi, hata akijua kwamba hakuna mtu ndani. Hugonga mara mbili, husubiri kidogo, ndipo huingia na sanduku lake la vyombo. Wateja wake wa Goma, wenye maduka ya dawa na wale wachache wenye nyumba kubwa kando ya ziwa, wamemzoea. Mafundi wenzake humcheka. Yeye hajibu, maana jibu lake ni refu, na linaanza na siku tisa ambazo hapendi kuzitaja.

Alizaliwa upande wa Rutshuru, akaja Goma akiwa mtoto wa miaka minane. Mama yake aliuza maziwa katika mtaa wa Majengo, na maziwa yalilala ndani ya friji kuukuu iliyonguruma kama mtu mwenye kifua. Siku friji ilipokufa, Victoire alikuwa na miaka kumi na sita. Ndiye aliyetumwa mtaa wa Mabanga kumwita muzee Havugimana, fundi wa friji, na ndiye aliyechuchumaa kando yake saa tatu nzima akimtazama anavyofanya.

"Muzee, baridi inatokaka wapi?" alimuuliza.

"Baridi haitoke popote," Havugimana alimjibu bila kuinua kichwa. "Mashini haitengenezake baridi, mutoto. Inabebaka joto ya ndani, inaitupa inje. Ile yenye inabakia, njo mutu anaita baridi."

Neno hilo lilimkaa moyoni. Wiki iliyofuata alirudi Mabanga peke yake, akaomba kufundishwa. Alisoma friji miaka minne, kisha viyoyozi, vile ambavyo Goma huitwa klimu. Alijifunza kwamba klimu ya nyumbani ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa bomba za shaba, kimoja ukutani chumbani, kingine nje. Ndani ya bomba gazi, yaani gesi ya kupoozea, huzunguka bila kupumzika. Ikifika chumbani hupitia tundu jembamba, hulegea ghafla, ikachemka bila moto, na katika kuchemka huko hunywa joto la hewa. Kisha huvutwa nje, ambako kompresa huikamua mpaka ikawa ya moto sana, feni ikaipuliza, joto likaenda zake uani. Gazi hugeuka majimaji tena, ikarudi chumbani kuchukua mzigo mwingine. Na hewa ya chumba, ikipoa, hutoa jasho; jasho hilo hudondoka kupitia kampira kadogo ka kutolea maji mpaka nje.

Goma si mji wa klimu nyingi. Milima na ziwa vinatosha. Lakini kuna watu wasioweza kufungua madirisha, na mmoja wao alikuwa Koko Kahindo, mama mzazi wa Papa Adalbert, mfanyabiashara wa Butembo aliyejenga nyumba katika mtaa wa Himbi. Bibi huyo alikuwa na pumu, na vumbi jeusi la lava lilimkaba koo. Miaka miwili kabla ya vita Victoire alifunga klimu mbili katika nyumba hiyo, moja sebuleni, moja chumbani kwa Koko Kahindo, akafunga madirisha kwa mpira, akaenda zake.

Mwisho wa Januari mwaka elfu mbili ishirini na tano mji ulipigwa. Umeme ulikatika, maji yakakatika, simu zikanyamaza. Victoire alijifungia Majengo na binti zake wawili, wamelala chini kwenye saruji, wakisikia risasi zikitoboa mabati ya jirani. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mtu aligonga mlango. Alikuwa Bashige, mhudumu wa chumba cha maiti katika hospitali moja ya mji. Alikuwa amekuja kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa na kitu kilichokauka ambacho Victoire hakutaka kukitazama mara mbili.

"Mama Victoire," alisema, "mashini ya morge imekufa. Kompresa iliungua. Maiti zimejaa mpaka ku mulango."

"Muwazike basi."

"Tutapitia wapi? Njia ya makaburi iko na masasi ya bunduki. Na familia hazijakuja kuwatambua. Tukizika hivi, mutu atapotea milele. Nipe hata siku chache tu."

"Kompresa ya morge sina. Na duka zote zimevunjwa."

Bashige hakuondoka. Ndipo Victoire alipokumbuka klimu za Himbi.

Familia ya Papa Adalbert ilikuwa imevuka mpaka siku mbili kabla. Nyumbani alibaki mlinzi, muzee Ndayambaje, amejibanza nyuma ya lango na rozari mkononi. Victoire alimweleza. Mlinzi alitikisa kichwa.

"Papa akirudi nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mimi nilizibeba. Mwambie nilizipeleka kuzitengeneza."

"Ni uongo, mama."

"Ni uongo. Uniachie mimi."

Waliwasha jenereta ya nyumba dakika kumi tu, ili kompresa ikusanye gazi yote ndani ya kipande cha nje. Victoire alifunga valvu, akafungua bomba, akateremsha klimu zote mbili. Bashige alitafuta chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, wakafunga mizigo juu yake pamoja na kitambaa cheupe cha kuomba amani. Walipokuwa wanatoka, Ndayambaje alimshika Victoire mkono.

"Binti mwenye kutufanyia kazi hapa, Nishimwe, alienda kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya kutafuta mama yake kabla ya masasi kuanza. Hajarudi. Ukimuona njiani, mwambie lango liko wazi."

Victoire aliitikia. Nishimwe hakuwa akimjua. Aliajiriwa baada ya klimu kufungwa. Kufika kona ya pili, jina lilikuwa limeshamtoka kichwani, kwa sababu mbele yao barabarani kulikuwa na mambo mengine ya kuruka.

Hospitali ilikuwa na jenereta na mafuta ya siku kadhaa. Victoire alitoboa ukuta wa chumba cha maiti, akafunga vipande vya ndani juu, vya nje nyuma ya jengo. Kulikuwa na shida moja. Klimu ya nyumba imetengenezwa kwa ajili ya walio hai. Ikifika digrii kumi na sita hujizima yenyewe, ikidhani mwenye nyumba ametosheka. Kwa wafu, digrii kumi na sita ni nyingi. Basi aliidanganya. Alichomoa kile kidude cha waya kinachopima joto la chumba, akakirefusha, akakipitisha kwenye tundu mpaka nje penye jua. Klimu ikaamini kwamba chumba bado kina joto, ikaendelea kubeba. Lakini ikibeba kupita kiasi, barafu huota juu ya bomba zake na kuzifunga pumzi. Mtu alipaswa kuwa humo, kuzima, kungoja barafu iyeyuke, kuwasha tena. Mtu huyo alikuwa yeye. Kwa siku tisa, tangu asubuhi mpaka jioni, Victoire alikaa juu ya kiti cha plastiki katikati ya wafu, amevaa makoti mawili. Jioni Bashige alimpokea.

Siku ya kwanza alitoka akaenda nyuma ya jengo kupima kazi yake, kama alivyozoea. Aliweka kiganja mbele ya feni ya nje. Upepo wa moto ulimpiga, mzuri, wenye nguvu; kazi ilikuwa imekwenda sawa. Halafu akafikiri joto hilo lilikuwa la nani. Aliurudisha mkono wake kama aliyeguswa. Aliufuta kwenye koti, akaufuta tena, na joto halikutoka.

Maji nayo. Kampira kalidondosha maji ndani ya ndoo, tone, tone, siku nzima, maji safi ambayo ungeweza kuyanywa kama hukujua yalitoka katika hewa ya chumba gani. Katika mji uliokauka mabomba, mwanamke mmoja aliyekuja kumtafuta mumewe aliiona ndoo ile akaomba anywe. Victoire aliikumbatia kwa mikono miwili akakataa, na hakuweza kumwambia kwa nini. Yule mwanamke alimtazama kama mtu mchoyo. Kila jioni Victoire aliyamwaga maji hayo polepole chini ya ukuta, akiinama, akisema, "Mutusamehe."

Lakini kilichomshinda kuliko vyote kilikuwa shuka. Maiti ya namba thelathini na moja ililazwa chini karibu na ukuta, moja kwa moja mbele ya klimu. Bashige aliiita Trente-et-un, kama alivyowaita wote kwa namba zao za Kifaransa. Alikuwa mwanamke kijana. Uso wake ulikuwa umefungwa bandeji na madaktari waliojaribu kumwokoa, na Victoire hakuuona kamwe. Mdomo wa klimu ulipokuwa ukipanda na kushuka, upepo wake uliingia chini ya shuka, na shuka liliinuka kifuani, likashuka, likainuka, likashuka. Kama mtu aliyelala.

Mara ya kwanza Victoire alipiga yowe, akakimbilia mlangoni. "Huyu yuko mzima! Bashige! Anapumua!"

Bashige alikuja mbio, akapiga magoti, akaweka mkono, akakaa hivyo kitambo. Kisha akainuka.

"Ni upepo wako, mama," alisema kwa upole.

Victoire aliusimamisha ule mdomo kwa kipande cha mti, na bado shuka lilitikisika. Akalichomeka pembeni. Baada ya saa lilichomoka, na mkono mmoja ukaonekana, mkono ndani ya sweta ya kijani, kiwiko kimeshonwa upya kwa uzi wa manjano, mishono midogo iliyopangwa kama punje za mahindi. Mtu fulani alikuwa ameishona kwa mapenzi. Victoire aliurudisha mkono ndani, akamfunika. Kutwa nzima alimfunika, siku zote tisa. Familia zilikuja, zikalia, zikachukua watu wao. Kwa namba thelathini na moja hakuja mtu. Siku ya kumi alizikwa pamoja na wengine wasio na majina, na Bashige aliandika katika daftari lake mstari wa kaburi, nafasi yake, na ile sweta.

Mwezi wa tatu wafadhili waliiletea hospitali mashini mpya, na klimu mbili zikarudi kwa Victoire. Aliziosha kwa sabuni na maji ya javel ya kuua vijidudu, bomba kwa bomba, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Akaziweka pembeni ya chumba chake Majengo, akazifunika. Binti zake walihamia kulala kwa jirani bila kusema sababu. Yeye mwenyewe alianza kuamka akiwa amefunikwa mpaka kichwani, na mikono yake miwili imeshika pindo la shuka, akilibana kwa nguvu lisiinuke.

Mwezi wa tano Papa Adalbert alirudi na mama yake. Alituma ujumbe: klimu zirudi, Koko anakohoa. Victoire alijiambia kwamba mashini ni mashini, zimeoshwa, gazi ni ileile, haina kumbukumbu. Alikwenda Himbi. Ndayambaje alimfungulia lango, akatazama chini.

Alianza na chumba cha Koko Kahindo. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, anasuka kikapu. Victoire alifunga bomba, akanyonya hewa yote ndani yake kwa pampu, akafungua valvu, akawasha. Klimu ilikohoa kidogo, ikatulia. Mdomo wake ukafunguka, ukaanza kupanda na kushuka. Na juu ya kitanda kilichotandikwa vizuri, kitanda kisicho na mtu, pembe ya shuka iliinuka, ikashuka, ikainuka.

Bisibisi ilimtoka mkononi. Alijikuta amepiga magoti kando ya kitanda, analichomeka shuka kwa mikono miwili, haraka haraka, huku na huku, huku anasema, "Tulia, mama, tulia."

"Victoire," aliita Papa Adalbert kutoka mlangoni. "Kuko nini?"

Hapo ndipo alipoeleza yote. Alisimulia akiwa bado chini, bila kumtazama mtu: Bashige, chukudu, siku tisa, maji, shuka. Papa Adalbert alikuwa mtu mpole, lakini shingo yake ilijaa mishipa.

"Mu chumba ya mama yangu? Unaleta kitu ya morge mu chumba ya mama yangu, na unanyamaza? Ndayambaje aliniambia ilienda kutengenezwa!"

"Ni mimi nilimwambia aseme hivyo, papa. Kosa ni langu. Lakini yule mwanamke nilimfunika kila saa, na kila saa mkono wake ulitoka, na ile sweta yake ya kijani iliyoshonwa kwenye kiwiko…"

Mikono ya Koko Kahindo ilisimama juu ya kikapu.

"Uzi wa rangi gani?" aliuliza.

"Manjano, koko."

"Ulishonwa aje?"

Victoire alichora kwa kidole juu ya shuka: punje, punje, punje. Bibi aliutazama mchoro huo.

"Ni mimi nilishona," alisema. "Ni sweta ya Nishimwe."

Ndipo jina lililompotea Victoire kwenye kona ya pili lilipomrudia, na sauti ya Ndayambaje pamoja nalo. Lango liko wazi. Binti alikuwa njiani kurudi. Aliangukia si mbali na nyumba, na hospitali ya Bashige, iliyo karibu, ndiyo iliyompokea.

Papa Adalbert aliketi kitandani, akainuka upesi kama kwamba kuna aliyelala, akaenda kusimama ukutani. "Nilimngoja," alisema. "Siku ile ya kuvuka. Nilimngoja dakika kumi, gari linanguruma."

"Tano," alisema mama yake.

Baadaye Papa Adalbert alitaka klimu zote mbili zitupwe siku hiyohiyo. Bibi alikataa kwa ile ya chumbani kwake. "Sisi tulipanda gari tukamuacha," alisema. "Hii ilibaki naye. Isitoke hapa."

Wiki ile walikwenda makaburini, Bashige mbele na daftari lake. Walikuta msalaba mwembamba wa mbao wenye namba. Papa Adalbert alikuwa amemwita seremala ili atengeneze msalaba mpya, na seremala akauliza aandike nini. "Nishimwe," wakasema. "Nishimwe nani?" Alikuwa amewapikia, amewafulia, amempulizia Koko dawa ya pumu mdomoni kila jioni kwa mwaka na nusu, na katika nyumba nzima hakuna aliyejua jina lake lingine. Papa Adalbert aligeuka, akatembea peke yake mpaka kwenye ukuta wa makaburi, akakaa huko.

Kazi ya kumtafuta mama yake Nishimwe aliichukua Victoire. Hakutumwa na mtu. Kambi za Kanyaruchinya zilikuwa zimeshavunjwa, watu wametawanyika kurudi vijijini. Kila Jumapili baada ya misa alipanda pikipiki barabara ya Rutshuru, akauliza kwa Kinyarwanda, kanisa kwa kanisa, kijiji kwa kijiji. Jumapili ya tano, karibu na Rugari, walimwonyesha mwanamke anayepalilia maharagwe mbele ya nyumba iliyoezekwa kwa turubai la kambi. Jina lake lilikuwa Umugwaneza. Alipomwona mgeni amesimama bila kusalimu, aliweka jembe chini.

"Ni mtoto wangu," alisema. Hakuuliza.

"Ni yeye, mama."

Waliketi kwenye udongo. Victoire alimweleza kila kitu isipokuwa bandeji. Umugwaneza alisikiliza akiokota majani makavu moja moja na kuyapanga juu ya kanga yake.

"Alifunikwa?" aliuliza mwishoni.

"Alifunikwa. Shuka lilikuwa linapeperuka, mimi nikawa namfunika. Kila siku, mpaka mwisho."

"Basi mutu alikuwako," alisema mama, na ndipo alipolia.

Binti yake aliitwa Nishimwe Donatille. Jina liliandikwa msalabani mwezi wa saba. Umugwaneza alilala siku sita Majengo kwa Victoire, kisha akarudi Rugari, maana maharagwe hayangoji. Papa Adalbert alimpa nafasi ya kuishi Himbi. Mama huyo alimshukuru, akasema nyumba ile hataiweza.

Klimu ya sebuleni haikufungwa tena Himbi. Victoire aliirudisha hospitalini, akaifunga ukutani palepale ilipokuwa, kando ya mashini mpya, iwe ya akiba. Hakuna aliyemwomba, wala Bashige hakumkataza. Kila miezi mitatu huenda kuiwasha kidogo, kwa sababu mashini isiyowashwa huoza. Hugonga mara mbili, huingia, husimama chumbani akiwa na makoti yake mawili, huisikiliza kama inakwenda sawa, na siku zote huwa inakwenda sawa.